Robo Saa Kati ya Korogwe na Handeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuza mbuzi. Nalisema hilo mapema asije mtu akadhani nilianza kwa kukaa ofisini na kuletewa chai. Nilikuwa binti wa kidato cha nne, nimetoka kwetu Handeni na sanduku la bati, nikaripoti kwenye uwanja mdogo wa ndege uliokuwa ndani ya shamba la mkonge nje ya Korogwe, upande wa Makuyuni. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi zilizofyekwa, mawe yaliyopakwa chokaa kila upande, na soksi ya upepo mlingotini. Soksi ya upepo, kwa wasioijua, ni mfuko mrefu wa kitambaa ulio wazi pande zote mbili. Rubani akiutazama kutoka juu anajua upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Siku ile ulikuwa umelala kabisa, na chini yake mbuzi wa watu wa shambani walikuwa wanakula kama waliokaribishwa harusini.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Bwana Mkaguzi wa Viwanja, mzee mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata kama anakwenda kukanyaga tope. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia mpaka kwenye kandambili zangu. Vijana wa shamba waliokuwa wanafyeka pembeni wakaanza kunicheka kwamba leo ndege zitaongozwa na mwali. Nilishika fimbo, nikawaondoa mbuzi wote, na nilipomaliza nikawarudia wale vijana nikawauliza mbuzi ni wa nani kati yao, maana wakirudi tena wanakwenda jikoni kwangu. Hawakurudi. Tangu hapo nilielewana vizuri na watu wa shamba lile, na mbuzi wao pia.

Bwana Mkaguzi akanipa swali la kwanza la kazi: kutoka hapa mpaka Handeni ni mbali kiasi gani? Nikamjibu nilivyojua mimi, kwamba ni mbali sana, maana masika iliyopita tulitoka kwetu kwenda harusi Korogwe tukalala Mkata, tukalala tena Segera, tukafika bibi harusi ameshachukuliwa. Alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akanyoosha mkono kuelekea machweo, akasema maneno ambayo nimewafundisha wote waliokuja nyuma yangu.

"Binti, umbali haubadiliki. Ni kilomita kama sitini kwa mstari ulionyooka, jana, leo na kesho. Kinachobadilika ni muda. Kazi yako ni kuujua muda."

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini moja, yenye viti vichache na nafasi ya kulaza machela. Shirika lililoniajiri lilikuwa likiwarusha madaktari bingwa kwenda hospitali za wilaya, na wagonjwa wa hatari kuwaleta mahali penye vyumba vya upasuaji. Watu walitucheka. Korogwe na Handeni? Kuku akiruka si anafika! Lakini waliosema hivyo walikuwa wanasema kiangazi. Masika ikianguka, ile barabara ya moja kwa moja ya udongo ilikuwa inakatika vipande vipande, na ya kuzungukia Segera ilikuwa na malori yaliyozama mpaka milangoni. Gari lingeweza kutumia siku nzima, na likatumia siku nzima kweli kweli, na abiria wakafika wakiwa wamebeba viatu mkononi. Ndege ilitumia robo saa.

Hiyo robo saa sasa, msidhani ni kitu kilichoandikwa kwenye jiwe. Kwenda Handeni, upepo wa mashariki ukiwa mgongoni, robo saa ilitosha. Kurudi Korogwe upepo huohuo unakupiga usoni, safari inakuwa dakika ishirini na zaidi, umbali ni uleule. Mawingu yakishuka kwenye milima ya Usambara, upande wa Bungu, rubani hawezi kutafuta njia kule juu. Inabidi ashike bonde, na muda unaongezeka tena. Kuna joto pia. Handeni iko juu kuliko Korogwe, na jua la mchana likiifanya hewa kuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndipo inyanyuke. Mambo haya yote nilijifunza pale Korogwe kwa kusimama juani na kuuliza. Nilikuwa na mdomo, namshukuru Mungu kwa huo mdomo.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Handeni kuwa mtunza uwanja kamili. Nilirudi kwetu na baiskeli ya kazi, kofia ya kazi, na cheo ambacho mama yangu alikitaja msibani, kisimani na sokoni mpaka nikaona haya. Si haya sana. Mtunza uwanja ndiye mwenye neno moja kati ya mawili: uwanja uko wazi, au umefungwa. Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kulisema neno hilo, Mkuu wa Wilaya hawezi, Kapteni mwenyewe, rubani wa ndege yetu, hawezi akiwa bado hajauona. Ni mtu wa chini, aliyeukanyaga uwanja asubuhi ile, ndiye anayesema. Nilikuwa nalisema mimi, na nililisema kwa sauti.

Uwanja wa Handeni ulikuwa na udongo mwekundu mzuri, unaokauka upesi, ila katikati palikuwa na kipande cha udongo mweusi, ule wa mbugani, unaonata kama ugali ambao haujaiva. Mvua ikinyesha, kila asubuhi nilikuwa naupitia uwanja mzima kwa baiskeli, na pale kwenye udongo mweusi nikishuka, nachoma fimbo. Fimbo ikizama zaidi ya kiganja, uwanja umefungwa. Ikizama chini ya hapo, nachimba mifereji, nayatoa maji, halafu namwambia Kapteni aguse ardhi mapema na awe amepunguza mwendo kabla ya kufika pale. Nilikuwa na utaratibu wangu na marubani waliuheshimu. Walikuwa wananiita Mama Handeni nikiwa bado sijazaa hata mmoja.

Redio ya mawasiliano haikuwa uwanjani. Ilikuwa hospitalini, kwenye chumba kimoja kilichopata umeme wa betri za jua, na kutoka pale mpaka uwanjani ni mwendo wa baiskeli wa dakika kadhaa kwa mtu mwenye miguu. Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi: nakagua uwanja, nakimbilia redioni, nasema uko wazi. Mwenzangu wa Korogwe anajibu, na ndege ikinyanyuka ananiambia, "Imeruka." Kuanzia neno hilo robo saa imeanza, nami narudi uwanjani mbio kuhakikisha hakuna ng'ombe, hakuna mtu, hakuna kitu. Ndege ikiwa hewani na mimi nikiwa uwanjani, hatuna tena namna ya kusemezana ila kwa ishara.

Ishara kubwa ilikuwa vitambaa viwili vyeupe, virefu, vya kutandika chini vikakatizana. Sisi tuliviita mkasi. Rubani akiuona mkasi uwanjani maana yake ni moja: usitue. Nilikuwa nautembeza mkasi huo kwenye mfuko nyuma ya baiskeli kila siku, na kwa miaka sikuwahi kuutandika mbele ya ndege iliyokwisha fika. Nilikuwa nafunga mapema, redioni, kabla haijaruka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika iliyokasirika. Mto ulikuwa umebeba daraja, na daktari wetu wa upasuaji, ambaye alikuwa mmoja tu, alikuwa amekwama ng'ambo. Alfajiri watu wa kijiji kimoja cha ndani wakaleta machela. Juu yake alikuwa Mwanahawa, mke wa mkulima wa mahindi, uzazi wake wa kwanza, uchungu umemshika tangu juzi yake na mtoto amekaa vibaya. Walikuwa wamembeba kwa zamu, wanaume wa ukoo mzima, tope mpaka mapajani. Mganga Mkuu wa Wilaya alimpima, akatoka nje, akanikuta nimeshashika baiskeli. Aliniambia kwamba bila upasuaji leo hii tunawapoteza wote wawili, na ndege iko Korogwe. Kisha akaniuliza.

"Uwanja wako ukoje?"

"Nipe muda niukanyage, Mganga Mkuu. Sisemi kitu ambacho sijakikanyaga."

Nikaenda. Udongo mwekundu ulikuwa sawa. Ule mweusi ulikuwa na maji, nikachimba mifereji, yakatoka, nikachoma fimbo mara nyingi huku na huku. Ilizama, lakini chini ya kiganja. Wale wanaume walikuwa wameshamleta Mwanahawa na machela yake pembeni ya uwanja, chini ya turubai, pamoja na mume wake na mama mkwe wake. Waliniona nachoma fimbo pale kwenye udongo mweusi, wakauliza kuna nini. Nikawaambia pale ndipo penye wasiwasi, ila patafaa. Nikapanda baiskeli, nikaenda redioni, nikasema uko wazi. Korogwe wakaniambia mawingu yanajifunga nyuma yao, Kapteni anataka kutoka sasa hivi. Muda si muda nikasikia, "Imeruka."

Nilirudi nakanyaga pedali kwa furaha, nawaambia ukweli. Nikatokeza kwenye kona ya uwanja, na furaha yote ikanitoka.

Ukanda wa katikati ulikuwa umejaa matawi. Matawi mabichi ya miti, makubwa, yamepangwa kwa ustadi, na mawe yameshindiliwa katikati yake. Wale wanaume walikuwa wamefanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu huku mnajua, lori likizama kwenye tope hakuna anayengoja kuambiwa: watu wanashuka, wanakata matawi, wanayalaza chini ya magurudumu, lori linatoka. Wameyafanya hayo tangu wazaliwe. Nimewaambia pale pana wasiwasi, wakaona aibu kukaa bure huku mwenzao anateseka, wakashika mapanga. Walisimama pembeni wanapangusa jasho, wananitazama kwa kutaka shukrani.

Lori lina magurudumu makubwa na halikimbii. Ndege inakuja kwa kasi, gurudumu lake la mbele ni dogo kama la toroli, na propela inazunguka karibu na ardhi. Tawi moja likirushwa kwenye propela, jiwe moja likikutana na lile gurudumu, ndege inapinduka na waliomo. Niliwaambia hivyo kwa maneno machache kuliko haya, na ya ukali kuliko haya, na wengine wao walikuwa rika la baba yangu. Mungu anisamehe, sikuamkia mtu.

Walielewa upesi. Waliingia kama siafu, wanavuta, wanabeba, wanarusha pembeni. Lakini kile walichokipanga kwa muda wote niliokuwa redioni, watakitoa kwa muda uliobaki? Robo saa yangu ilikuwa imeliwa nusu na njia. Nikafungua mfuko nyuma ya baiskeli nikautoa mkasi. Mama mkwe wa Mwanahawa akaona kile kitambaa cheupe, akaweka mikono kichwani.

"Unamtandikia mwanangu sanda angali mzima?"

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli, kitambaa kilikuwa kilekile. Pamba nyeupe ya marekani, tunayozikia. Mume akanishika mkono, akaniambia niache, akaniambia rubani ni mzoefu, ataona mwenyewe, atakwepa, kila mtu ana siku yake. Nikamjibu kwamba rubani kutoka juu ataona majani mabichi kwenye nyasi mbichi, hataona kitu. Nikautoa mkono wake. Ndege ikasikika.

Nawaomba mnielewe hapa ninyi mnaosoma. Mwanamke yule alikuwa amelala hatua chache kutoka nilipokuwa, anapumua kwa shida, na mimi ndiye niliyeiita ile ndege imchukue. Mawingu yalikuwa yanajifunga. Kapteni akigeuza, siku ile hatarudi, na siku ile ndiyo siku aliyokuwa nayo Mwanahawa. Nilitamani apone kama ambavyo ningetamani dada yangu apone. Na matawi bado yalikuwepo. Nikatandika kitambaa cha kwanza, nikakatiza cha pili, nikaviwekea mawe kwenye pembe ili upepo usivikunje.

Kapteni alipita juu mara moja, kama desturi yao ya kukagua kabla ya kutua. Akauona mkasi. Ndege ikainuka, ikageuka mashariki, na yule mama mkwe akakaa chini kwenye tope. Wanaume hawakuacha kuvuta. Nami nikaingia, nikavua viatu, nikawa natembea nyuma yao miguu mitupu kila walipoondoa, nahisi kwa nyayo kila kijiti na kila kokoto, naviokota natia kwenye khanga. Sikutazama juu tena. Mlio wa ndege ulikwenda mbali, ukapungua, halafu ukaacha kupungua. Kapteni alikuwa ameona watu wanasafisha, akaamua kutuzungukia kwa kadiri mafuta na mawingu yalivyomruhusu. Hakuna aliyemwambia. Alijua kwamba mimi sitandiki mkasi kwa mchezo, na kwamba nikiuondoa siuondoi kwa mchezo pia.

Nilipofika mwisho wa ule udongo mweusi, nyayo zangu hazigusi tena kitu, nikarudi nikiwapungia watu wote watoke. Nikachoma fimbo mara ya mwisho, maana matawi yalikuwa yameuvuruga udongo. Ilizama mpaka kwenye kiganja, haikupita. Nikaushika mkasi kwa mikono miwili, nikauvuta.

Alitua. Aligusa ardhi mapema nilivyomzoesha, akafika kwenye udongo mweusi akiwa anatambaa, tope likaruka pembeni, akapita. Tulimpakia Mwanahawa injini ikiwa bado inaunguruma. Ndege ilipogeuza na kuondoka, ilitumia upande mwekundu wote na ikanyanyuka mwishoni kabisa, karibu na mahindi ya watu. Nikapanda baiskeli kwenda redioni, na nilikaa pale mpaka Korogwe waliposema imetua. Upepo wa usoni siku ile uliirefusha sana safari. Mwanahawa alipasuliwa mchana uleule. Yeye akapona, na mtoto wa kiume akalia kwa sauti.

Bwana Mkaguzi wa Viwanja, aliyekuwa amekaribia kustaafu, alikuja Handeni baadaye kunihoji kama kazi ilivyotaka. Nilimweleza yote. Aliuliza kama nilipata hofu, nikamwambia ndiyo, ila hofu haikuwa na fimbo, fimbo nilikuwa nayo mimi. Akacheka kile kicheko chake cha leso. "Ukiwa na shaka, funga. Shaka ikiondoka, fungua," akasema. "Watu wengi wanaweza kimoja. Wewe umeweza vyote viwili kwa siku moja." Nimepewa vyeti viwili vitatu maishani, viko sandukuni. Maneno yale nayabeba mwenyewe.

Nilibaki Handeni mpaka mwisho wa kazi yangu. Lami ilipofika, madaktari wakaanza kuja kwa gari na kurudi jioni hiyohiyo, safari za ndege zikapungua, halafu zikakoma. Sina kinyongo na lami. Wajukuu zangu wanakwenda Korogwe kwa bodaboda kununua simu na kurudi, na wananiuliza bibi, ndege ya nini hapo na hapo? Nawaambia umbali haubadiliki. Wanaguna, wanadhani ni maneno ya kizee. Uwanja wenyewe, sehemu yake imepimwa viwanja vya nyumba, na juu ya ule udongo mweusi kuna mtu amejenga. Ukuta wake una ufa. Nilimwambia kabla hajachimba msingi, hakunisikiliza, shauri yake.

Siku ya kuagwa kwangu kazini waliniandalia pilau nyumbani. Watu walikuja wengi, Mganga Mkuu mpya akatoa hotuba, marubani wawili wazee wakatuma salamu. Mwanahawa naye alikuja, mtu mzima sasa, na yule kijana wake aliyekuwa amemshinda urefu. Alingoja hotuba ziishe, akaja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Akasema kuna jambo hajawahi kuniuliza.

"Mama, kama yale matawi yasingetoka, ungeuacha ule mkasi umetandikwa?"

Nilimtazama kijana wake, aliyekuwa anagawa sahani kwa wageni. Sikutaka kumdanganya mama yake.

"Ningeuacha, mwanangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua. "Mama mkwe mpaka anakufa alikuwa anasema wewe una moyo mkavu. Mimi nilikuwa nambishia. Siku ile wengine walikuwa wanavuta matawi, wengine wanaangalia juu, wanaangalia ndege. Mimi nilikuwa nimelala chini, nakuangalia wewe. Ulikuwa unalia, mama, kilio cha msiba, na huku unaweka mawe kwenye zile pembe moja moja ili kitambaa kisikunjike."

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka kijana wake alipotuletea pilau.